Mwakarobo: Uchungu wa Shabiki wa Simba na Mafunzo Yake

Mwakarobo ni jina la utani ambalo mashabiki wa klabu ya soka ya Yanga waliwabandika watani wao wa jadi, mashabiki wa Simba. Limeundwa kwa kufuata majina ya ukoo ya Wanyakyusa wa Mbeya, mengi yao yakianza na Mwaka-, kisha likamaliziwa na neno robo, yaani robo fainali. Kijiweni halihitaji maelezo. Mwakarobo ni mtu ambaye safari yake ya Afrika inaishia pale pale kila mwaka. Na hesabu inalipa jina hilo nguvu: kati ya 2019 na 2024 Simba iliishia robo fainali za mashindano makuu mawili ya klabu Afrika mara tano, nne katika Ligi ya Mabingwa na moja katika Kombe la Shirikisho.

Hatua hiyo hiyo ilikuwa imewaliza watu kwa furaha Machi 2019. Miaka mitano baadaye ilikuwa imegeuka tusi. Matokeo hayakuwa yamebadilika. Kilichobadilika ni kipimo. Uchungu wa shabiki hauanzii katika kufungwa, kwa kuwa kila timu hufungwa. Unaanzia pale kipimo cha shabiki kinapopanda na maandalizi ya klabu yakabaki chini. Kumbukumbu za shabiki mmoja wa Simba, aliyekulia Morogoro na kuhamia Dar es Salaam akiwa kijana, zinaonyesha jinsi kipimo hicho kinavyojengwa, kinavyovunjwa na kinavyojengwa upya.

Ushabiki wa Simba kwa kawaida hauchaguliwi, hurithiwa. Klabu iliundwa mwaka 1936, ikapitia majina kadhaa, likiwemo Sunderland, kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Makao yake yapo Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, na ndiyo asili ya kuitwa Wekundu wa Msimbazi. Mtoto anayezaliwa katika nyumba ya Simba hupokea pamoja na jezi nyekundu hadithi ambazo yeye mwenyewe hakuziona. Shabiki huyu alizipokea kwa babu yake. Ya kwanza ilikuwa ya 1974, Simba ilipofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti, baada ya kila timu kushinda 1-0 nyumbani kwake. Ya pili ilikuwa ya 1979. Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia jijini Dar es Salaam, watu wakaondoka uwanjani wakiamini kila kitu kimekwisha, kisha timu hiyo hiyo ikaenda Lusaka na kushinda 5-0.

Hadithi hizo zina uzito katika malezi ya shabiki, kwani zinamfundisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Zinamfundisha kutokata tamaa, maana aliyewahi kusikia habari za Lusaka hawezi kuamini kwamba mechi imekwisha kabla ya filimbi ya mwisho. Pia zinamfundisha kudai. Ikiwa wachezaji wa 1974, waliokuwa wakiishi kwa posho ndogo na kusafiri kwa taabu, walibakiza hatua moja kufika fainali ya Afrika, wa leo wenye mishahara, madaktari na ndege wana kisingizio gani? Swali hilo si la haki sana, kwa kuwa mpira wa Afrika umebadilika na wapinzani nao wamejenga. Lakini ndilo swali ambalo kila kizazi cha mashabiki wa Simba hukirithisha kizazi kinachofuata, na ndilo linaloifanya robo fainali isitoshe.

Uchungu wa kwanza ambao shabiki huyu aliushuhudia mwenyewe ulikuwa wa mwaka 1993. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Mechi ya kwanza, kule Ivory Coast, iliisha 0-0. Iliyobaki ilikuwa moja tu, tena Dar es Salaam, katika Uwanja wa Taifa ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru. Televisheni ilikuwa haijaanza Tanzania Bara, hivyo nje ya Dar es Salaam mechi ile ilifuatiliwa kwa redio. Watoto wa mtaa walikaa mchangani, wazee wakakaa kwenye viti na mabenchi, redio ikawekwa dirishani. Kabla ya mechi kuanza, mazungumzo hayakuwa kama Simba itashinda, bali itashinda mangapi. Sare ya ugenini ilichukuliwa kuwa nusu ya kombe.

Stella ilishinda 2-0. Kilichobaki katika kumbukumbu ya mtoto yule si sauti ya mtangazaji bali ukimya wa wazee. Hakuna aliyelaumu kocha wala mwamuzi. Baba yake aliinuka, akaizima redio na kuiingiza ndani, na siku nzima iliyofuata jina la Simba halikutajwa nyumbani. Ukimya ule ulikuwa na maana ambayo mtoto aliielewa baadaye sana. Watu wale hawakuumizwa na kufungwa tu. Waliumizwa na kuwa wameshasherehekea. Sare ya bila mabao ugenini ni matokeo ya hatari, maana mgeni akipata bao moja mwenyeji analazimika kupata mawili. Jambo hilo lilijulikana, lakini shangwe ililifunika. Fainali ile ilimpa somo la kwanza: furaha inayotangulia kazi huongeza ukubwa wa maumivu.

Miaka kumi baadaye, 2003, kipimo kilipanda tena. Chini ya kocha James Siang'a kutoka Kenya, Simba ilikutana na Zamalek ya Misri, bingwa mtetezi wa Ligi ya Mabingwa. Ilishinda 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 Cairo, kisha ikashinda kwa penalti huku kipa Juma Kaseja akiwa shujaa wa usiku ule. Simba ikaingia hatua ya makundi pamoja na Enyimba ya Nigeria, ambayo ndiyo iliyotwaa kombe mwaka huo. Kwa kijana aliyekuwa amebeba ukimya wa 1993, ushindi wa Cairo ulikuwa kama deni lililolipwa. Aliamini kwamba mlango umefunguliwa na hautafungwa tena.

Ulifungwa kwa miaka 15. Simba haikuingia tena hatua ya makundi ya mashindano ya Afrika hadi mwishoni mwa 2018. Pengo hilo ndilo chanzo cha aina ya pili ya uchungu, ule usiotokana na mechi moja. Kufungwa fainali kunauma siku moja na kukumbukwa miaka mingi. Kudumaa hakuna siku yake, kunauma kidogo kidogo kila Jumamosi. Kikosi kilichoitoa Zamalek kilitawanyika, na ushindi ule haukugeuzwa kuwa mfumo: haukuzaa uwanja wa mazoezi, haukuzaa shule ya vijana ya kueleweka, haukuzaa utaratibu wa usajili unaodumu baada ya viongozi kubadilika. Ulibaki kuwa hadithi nyingine ya kusimuliwa pamoja na ya Lusaka.

Kudumaa kuliingia hadi ndani ya nchi. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0 na kumaliza msimu ikiwa bingwa. Shabiki aliyekuwepo uwanjani siku ile angecheka kama angeambiwa kwamba ubingwa unaofuata ungekuja 2018. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Yanga ilichukua ligi ya 2012/13, Azam ikachukua ya 2013/14 bila kupoteza mechi, kisha Yanga ikachukua tatu mfululizo. Simba iliwahi kumaliza hata nafasi ya nne. Kwa misimu kadhaa haikupata tiketi ya kucheza Afrika kabisa, hadi iliposhinda Kombe la Shirikisho la nyumbani mwaka 2017 kwa kuifunga Mbao ya Mwanza 2-1 katika fainali.

Katika miaka hiyo tabia za mashabiki zilijipanga katika makundi manne ambayo hadi leo yanaonekana. Wapo wanaogeuza uchungu kuwa hasira, wakamtafuta mtu wa kumbebesha: leo kocha, kesho mshambuliaji, keshokutwa mwenyekiti. Wapo wanaosusa. Hawasemi kwamba wameacha Simba, ila hawanunui tiketi wala jezi, na wakiulizwa matokeo hujibu kwamba hawakuona. Wapo wanaojificha katika utani, wakijitania wao wenyewe kabla mtani hajawawahi. Na wapo wanaobaki kama walivyo, wanaolipa kiingilio cha mzunguko mvua ikinyesha na jua likiwaka, timu ikiwa ya kwanza au ya nne. Shabiki mmoja anaweza kupita katika makundi yote manne ndani ya msimu mmoja. Huyu alipita, na alichokigundua ni kwamba kundi la pili ndilo linaloidhuru klabu zaidi ingawa halipigi kelele, kwa kuwa hasira bado ni madai, lakini kususa ni kuacha kudai.

Mabadiliko makubwa yalianza 2017. Wanachama waliridhia klabu kuingia katika mfumo wa hisa, ambao hatimaye ulipanga asilimia 51 kubaki kwa wanachama na asilimia 49 kwenda kwa mwekezaji. Mfanyabiashara Mohammed Dewji ndiye aliyeshinda zabuni, kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Usajili ukabadilika. Walikuja Aishi Manula, Shomari Kapombe, John Bocco, Meddie Kagere, Pascal Wawa na Clatous Chama, wakawakuta akina Jonas Mkude na Mohamed Hussein. Simba ikatwaa ubingwa wa 2017/18 na mitatu iliyofuata.

Msimu wa 2018/19 ndio unaostahili kutazamwa kwa makini kuliko yote, maana ndani yake kuna somo ambalo klabu yenyewe ililisahau upesi. Simba iliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa pamoja na Al Ahly ya Misri, AS Vita ya Kinshasa na JS Saoura ya Algeria. Iliifunga Saoura 3-0 nyumbani, kisha ikafungwa 5-0 Kinshasa na 5-0 tena Misri, mechi mbili mfululizo. Mabao kumi bila jibu. Kijiweni hukumu ilikuwa moja: kocha aondoke, mabeki waondoke, Afrika si saizi yetu. Kocha Patrick Aussems hakuondolewa. Siku kumi baada ya aibu ya Misri, Al Ahly ile ile ilifungwa 1-0 Dar es Salaam kwa bao la Kagere. Mechi ya mwisho ya kundi, tarehe 16 Machi 2019, Simba ilihitaji ushindi dhidi ya Vita. Matokeo yalikuwa 1-1 hadi dakika za mwisho, Chama alipopata bao la pili. Katika uwanja ambao sasa unaitwa Uwanja wa Mkapa, wenye nafasi ya watu 60,000, watu wasiojuana walikumbatiana. Imani ambayo baadaye ilikuja kusemwa kwa kauli kwamba kwa Mkapa hatoki mtu ikapata uhai wake.

Simba ilitolewa na TP Mazembe robo fainali: 0-0 Dar es Salaam na 4-1 Lubumbashi. Hakuna aliyelalamika sana. Robo fainali ilikuwa zawadi, na shabiki huyu alirudi nyumbani akihisi kwamba hatimaye anaiona Simba ya babu yake. Lakini kwa kutazama nyuma, zawadi ile haikutokana na bahati. Ilitokana na kikosi ambacho uti wake wa mgongo ulikaa pamoja zaidi ya msimu mmoja na benchi la ufundi lililoachwa lijisahihishe baada ya kipigo.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Agosti 2019, miezi mitano tu baada ya sherehe ile, Simba ilitolewa hatua ya awali na UD Songo ya Msumbiji kwa sare ya 1-1 nyumbani baada ya 0-0 ugenini. Kikosi kilikuwa bado kizuri, hivyo kiliweza kuinuka. Msimu wa 2020/21 ulikuwa kilele: Simba iliifunga Al Ahly 1-0 kwa bao la Luis Miquissone, ikaongoza kundi lake mbele ya mabingwa hao wa Afrika. Kwa mara ya kwanza shabiki wa kizazi hiki alianza kuzungumzia nusu fainali kama haki, si kama ndoto.

Robo fainali ikawa dhidi ya Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini. Simba ilifungwa 4-0 ugenini, ikashinda 3-0 nyumbani, ikatoka kwa tofauti ya bao moja. Mechi ya marudiano ilithibitisha kwamba timu hii ilikuwa na uwezo wa kufika mbali zaidi, na ndiyo maana iliuma kuliko ya Mazembe. Katika hatua hii robo fainali ilianza kubadilika maana. Ya 2019 ilikuwa mwisho wa safari iliyofanikiwa. Ya 2021 ilikuwa safari iliyokatizwa.

Kilichofuata ndicho kiini cha malalamiko ya mashabiki kuhusu malengo ya klabu. Agosti 2021 Miquissone aliuzwa Al Ahly na Chama akauzwa RS Berkane ya Morocco. Kuuza mchezaji si kosa. Hakuna klabu ya Afrika Mashariki inayoweza kumzuia mchezaji anayeitwa na Al Ahly, na fedha za mauzo ni halali ya klabu. Tatizo ni kuwauza wawili walioubeba ubunifu wote wa timu ndani ya dirisha moja, bila warithi waliokwisha kuandaliwa. Oktoba 2021 Simba, baada ya kushinda 2-0 Botswana, ilifungwa 3-1 nyumbani na Jwaneng Galaxy na kutolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Kwa Mkapa mtu akatoka.

Kuanzia hapo robo fainali zikaanza kufanana. Aprili 2022, katika Kombe la Shirikisho, Simba ilitolewa na Orlando Pirates kwa penalti baada ya kila timu kushinda 1-0 kwake. Mwaka 2023, baada ya kuifunga Horoya ya Guinea 7-0 katika makundi, ilitolewa na Wydad ya Morocco kwa njia ile ile: 1-0 Dar es Salaam, 1-0 Casablanca, penalti. Mwaka 2024 Al Ahly ilishinda mechi zote mbili, 1-0 na 2-0. Nyumbani nako Yanga ilikuwa imerudi. Chini ya Nasreddine Nabi, aliyekaa kuanzia Aprili 2021 hadi Juni 2023, ilitwaa ligi mara mbili na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Shabiki wa Simba aliyezoea kujitetea kwa rekodi za Afrika akamwona mtani wake akicheza fainali wakati yeye ameishia robo. Hapo ndipo jina la Mwakarobo lilipopata makali yake yote.

Sababu za kukwama huko zinaweza kupangwa kwa uwazi. Ya kwanza ni kubadilisha makocha. Kati ya Novemba 2021 na Julai 2024, kipindi kisichofika miaka mitatu, Simba ilianza kazi na makocha wakuu watano kutoka nje: Pablo Franco, Zoran Maki, Roberto Oliveira maarufu kama Robertinho, Abdelhak Benchikha na Fadlu Davids. Katikati yao Juma Mgunda aliitwa mara mbili kushika timu kwa muda. Wengine waliondolewa, wengine waliondoka wenyewe, lakini kwa mchezaji matokeo ni yale yale. Kila kocha huja na mfumo wake, namna yake ya kukaba, aina yake ya mazoezi na majina yake ya usajili. Anapoondoka, mchezaji aliyesajiliwa kwa ajili ya mfumo wake hubaki hana kazi.

Sababu ya pili inazaliwa na ya kwanza: usajili wa kufutana. Kila Juni na Julai mashabiki hukaa na simu wakisubiri matangazo ya nani amepewa thank you, neno ambalo sasa ni la kawaida katika mpira wa Tanzania kwa mchezaji anayeachwa. Kikosi kinapoachwa nusu yake kila mwaka, timu haipati muda wa kuzoeana, na mechi za robo fainali huamuliwa na vitu vidogo vinavyotokana na kuzoeana: beki anayejua kipa wake atatoka lini, kiungo anayejua mwenzake atakimbilia wapi.

Sababu ya tatu ni maneno kutangulia vitendo. Kila msimu unapoanza, katika tamasha la Simba Day, uwanja hujaa, wachezaji wapya hutambulishwa kwa mbwembwe na kaulimbiu ya msimu hutolewa. Tamasha hilo ni jambo jema; limewapa mashabiki siku yao na klabu kipato. Lakini ahadi inayotolewa mbele ya uwanja uliojaa ni deni. Klabu inaposema lengo ni nusu fainali, shabiki analichukua neno hilo kama lilivyo, analipeleka kazini, analitumia kubishana na mtani. Lisipotimia, si klabu peke yake inayoaibika.

Haki inadai kusema kwamba mashabiki nao wana sehemu yao katika sababu hizi. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Simba ilikuwa haijapoteza mechi ya ligi msimu ule, na miezi mitatu kabla ilikuwa imeifunga Yanga hiyo hiyo kwa penalti na kutwaa Ngao ya Jamii kule Tanga. Usiku ule hakuna aliyekumbuka hayo. Shabiki wa kumbukumbu hizi alikuwa mmoja wa maelfu waliotaka kocha aondoke kabla ya asubuhi. Robertinho aliondoka. Msimu ukaisha Simba ikiwa ya tatu, sawa kwa pointi na Azam lakini nyuma kwa tofauti ya mabao, na tiketi ya Ligi ya Mabingwa ikapotea. Haiwezi kuthibitishwa kwamba kocha yule angefanya vizuri zaidi. Ila inaweza kusemwa kwamba mwaka 2019 klabu ilikuwa imefungwa 5-0 mara mbili mfululizo, ikavumilia, ikavuka. Mwaka 2023 ilifungwa mara moja, haikuvumilia, ikarudi nyuma. Shabiki aliyekumbatia watu asiowajua usiku wa Vita alipaswa kuwa wa kwanza kukumbuka hilo.

Julai 2024 Chama, aliyekuwa amerudi Simba mwaka 2022, alihamia Yanga, na kwa wengi ilionekana kama mwisho wa zama. Lakini msimu wa 2024/25 ulileta jambo ambalo halikutarajiwa. Chini ya Fadlu Davids, kikosi kipya na chenye vijana wengi kiliingia Kombe la Shirikisho. Robo fainali ilifungwa 2-0 na Al Masry kule Misri, ikashinda 2-0 Dar es Salaam na kuvuka kwa penalti. Jini la robo likawa limetolewa. Simba ikaitoa Stellenbosch ya Afrika Kusini na kufika fainali ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu ile ya Stella, miaka 32 kabla.

Mpinzani alikuwa RS Berkane. Kule Morocco Simba ilifungwa 2-0, mabao yote yakiingia mapema. Mechi ya marudiano, tarehe 25 Mei 2025, ilihamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, kwa kuwa Uwanja wa Mkapa haukuwa katika hali ya kuruhusiwa. Simba ilipata bao la mapema kupitia Joshua Mutale, ikabaki pungufu baada ya kadi nyekundu, na mwishoni Berkane ikasawazisha. Jumla ikawa 3-1. Mwezi uliofuata Yanga ilishinda 2-0 katika mechi ya watani na kutwaa ubingwa wa nne mfululizo.

Kwa hesabu ya makombe, msimu ule ulikuwa mtupu. Lakini shabiki aliyeisikia fainali ya 1993 kwa redio na kuiona ya 2025 kwa macho yake aligundua tofauti kati ya ukimya wa mara ya kwanza na huzuni ya mara ya pili. Mwaka 1993 watu walikuwa wamesherehekea kombe ambalo hawakuwa nalo. Mwaka 2025 walipiga makofi kwa timu iliyoshindwa, kwa kuwa waliona ilikokuwa inaelekea. Kushindwa kwa timu inayokua kunavumilika. Kisichovumilika ni kushindwa kule kule, kwa namna ile ile, huku sababu zikijulikana.

Mafunzo ya kumbukumbu hizi ni matatu. La kwanza linawahusu viongozi wa klabu yoyote kubwa: lengo si kauli, ni ratiba ya kazi. Klabu inayotaka nusu fainali ya Afrika inatakiwa ioneshe kocha atakayekaa misimu miwili au mitatu, uti wa mgongo wa kikosi usiovunjwa kila Julai, na mrithi aliyeandaliwa kabla nyota hajauzwa. La pili linawahusu mashabiki. Kudai ni haki yao, tena ni wajibu, lakini wadai kitu sahihi. Kichwa cha kocha ni rahisi kudai na ni rahisi kupewa. Ndiyo maana viongozi hukitoa haraka, kelele zikatulia na kasoro ya msingi ikabaki. Swali linalosumbua zaidi ni hili: mpango wa miaka mitatu uko wapi, na nani atawajibika usipofuatwa? Wanachama wenye asilimia 51 wanao mkutano mkuu wa kuliulizia swali hilo, na ukumbi wa mkutano una nguvu kuliko kijiwe.

La tatu linahusu malezi. Mtoto anayevalishwa jezi nyekundu leo atasimuliwa habari za Lusaka, Cairo na Chama dakika za mwisho. Asimuliwe pia habari za Stella, Jwaneng na mabao matano ya Yanga, na asimuliwe sababu zake. Kizazi kinachorithi ushindi peke yake hurithi madai bila subira. Kinachorithi vyote viwili kitajua kwamba timu iliyofungwa mabao kumi katika mechi mbili ndiyo iliyoileta robo fainali ya kwanza iliyowaliza watu kwa furaha, na kwamba haikuletwa na hasira za kijiweni bali na watu walioachwa wamalize kazi yao. Mashabiki wa Simba wasishushe kipimo. Kipimo kibaki Afrika. Waidai klabu yao ngazi za kukifikia, na wampe muda anayezijenga.